Shemeji kauza mtumbwi na taa zote akisubiri unyakuo. Wenye Maandiko, hili limekaaje?

#1 Mwana wa Gungu (mleta uzi)

Habari za jioni wana jukwaa. Niko Kigoma mjini. Naomba msome mpaka mwisho kabla ya kujibu, maana jambo lenyewe linaniuma.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni mvuvi wa dagaa pale Kibirizi tangu kabla hajamuoa dada. Mwezi uliopita, siku za mbalamwezi, wenzake wakiwa wamepandisha mitumbwi wanashona nyavu, yeye aliuza mtumbwi, wavu, na taa zote kumi na betri zake. Imebaki injini tu kwa sababu mnunuzi aliishiwa hela. Ukimuuliza anakujibu kwa utulivu kabisa: Bwana yu karibu, haya ya dunia ni mzigo.

Anakosali kuna mtumishi anafundisha kwamba unyakuo, yaani waumini kuchukuliwa juu kumlaki Yesu, hauvuki mwaka huu. Anataja vita vya Israeli, anataja magonjwa, halafu anataja maji ya Ziwa Tanganyika yalivyopanda miaka hii mpaka yakaingia kwenye nyumba za ufukweni. Anasoma Luka 21:25, "dhiki ya mataifa wakishangaa kwa uvumi wa bahari na msukosuko wake", kisha anawaambia waumini watoke nje wakatazame ziwa.

Mtoto wao wa kwanza yuko kidato cha tatu. Juzi nilimkuta dada anaanika dagaa wa jirani kwenye kichanja kwa ujira, anageuza kwa mkono mmoja huku amebeba mtoto mgongoni. Mwaka jana yeye ndiye alikuwa anawaita akina mama wanne kuja kumwanikia.

Mimi ni Mkristo na naamini Yesu atarudi. Hilo sibishani na mtu. Nauliza: imani hiyo inamtaka mtu aache kazi? Na nikikaa na shemeji nianzie wapi, maana ni mkubwa wangu na nyumba ni yake?

#2 Tulizo

Pole sana mkuu. Nimekaa hapa nasubiri wajuzi.

#3 Mlokole wa Mwanga

Bwana Yesu asifiwe. Kwanza nawaomba tusimcheke huyo shemeji. Kuna watu wengi humu wanasema wanaamini Yesu anarudi na hawajawahi kukosa usingizi hata usiku mmoja kwa ajili yake.

Pili, unyakuo upo kwenye Biblia. 1 Wathesalonike 4:16-17: "Kwa sababu Bwana mwenyewe atashuka kutoka mbinguni pamoja na mwaliko, na sauti ya malaika mkuu, na parapanda ya Mungu, nao waliokufa katika Kristo watafufuliwa kwanza. Kisha sisi tulio hai, tuliosalia, tutanyakuliwa pamoja nao katika mawingu, ili tumlaki Bwana hewani." Kanisa litaondolewa, ndipo dhiki kuu ya miaka saba, ndipo Bwana atarudi na watakatifu wake. Hatua mbili.

Mwaka wenyewe hatutajiwi. Hapo huyo mtumishi amevuka mpaka. Lakini ishara tumeambiwa tuzisome. Mtini wa Mathayo 24:32 umechipuka mwaka 1948, Israeli imerudi kwao. Sisi ni kizazi kilichoona.

#4 Katekista

Tumsifu Yesu Kristo.

Mleta uzi, kila Jumapili sisi Wakatoliki tunakiri kwamba atakuja kuwahukumu wazima na wafu. Tunaianza Majilio kila mwaka tukisikia masomo ya kukesha. Kwa hiyo hakuna anayelala usingizi, ndugu yangu wa #3.

Ila kuja kunakokiriwa na Kanisa ni kumoja. Hakuna kuja kwa siri kwanza, halafu kuja kwa wazi. Ufunuo 1:7: "Tazama, yuaja na mawingu, na kila jicho litamwona." Ile miaka elfu ya kutawala na Kristo, ya Ufunuo 20, Mtakatifu Agostino aliifundisha kuwa ni wakati wa Kanisa, huu tuliomo, na Katekisimu namba 676 inakataa wazi mafundisho ya ufalme wa miaka elfu hapa duniani. Halafu kuhusu tarehe, Mathayo 24:36: "Walakini habari ya siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika walio mbinguni, wala Mwana, ila Baba peke yake." Mtumishi wa huko anajua kuliko malaika?

#5 Mjukuu wa Ujiji

Mimi sitaingia kwenye miaka elfu. Naingia ziwani.

Maji kupanda si jambo jipya hapa kwetu. Nendeni Ujiji penye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley. Walikutana mwaka 1871 karibu na maji. Leo ukisimama pale, ziwa liko mbali, unaliona kwa chini huko. Miaka ile ya 1870 maji yalikuwa yanapanda tu, kwa sababu mlango wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, ulikuwa umeziba kwa matope na majani. Mwaka 1878 au karibu na hapo maji yakavunja kile kizibo, ziwa likashuka kwa miaka mingi mfululizo. Ndiyo maana ufukwe ulikimbia. Likapanda tena kwa mvua kubwa za mwanzo wa miaka ya 1960, wazee wetu wanaukumbuka mwaka 1964. Likashuka. Sasa limepanda tena.

Kama kupanda kwa ziwa ndiyo parapanda, basi imeshalia mara tatu tangu Stanley. Mwambie shemeji hilo, tena mpeleke Ujiji akaone kwa macho. Mvuvi ukimwonyesha maji anaelewa kuliko ukimsomea.

#6 Msabato wa Kasulu

Amani iwe kwenu. Naona muda si mrefu mtu atasema "Wasabato walitabiri 1844", basi nitangulie mwenyewe.

#7 Kidole Juu

Lakini si mlitabiri? 😀

#8 Msabato wa Kasulu

@Kidole Juu umeniwahi, ndugu. Aliyehubiri kwamba Yesu atarudi wakati huo ni William Miller, mkulima wa Marekani, Mbaptisti. Alichukua Danieli 8:14, "nyakati za jioni na asubuhi elfu mbili na mia tatu; ndipo patakatifu patakapotakaswa", akahesabu siku moja kuwa mwaka, akaanzia amri ya kujenga upya Yerusalemu mwaka 457 kabla ya Kristo. Ukihesabu 2300 kuanzia hapo, ukikumbuka kwamba hakuna mwaka sifuri, unafika 1844. Wafuasi wake wakaishika tarehe 22 Oktoba 1844. Wapo walioacha viazi shambani bila kuvuna. Asubuhi ya tarehe 23 jua likachomoza kama kawaida, watu wakalia. Kanisa la Waadventista Wasabato liliundwa 1863, miaka 19 baadaye, na waliolianzisha walikuwa miongoni mwa wale waliolia. Hesabu waliona ni sahihi, tukio ndilo walilokosea: patakatifu pa kutakaswa ni pa mbinguni, si dunia hii.

Unaweza kukubali au kukataa, lakini tazama walichofanya baada ya kulia. Walijenga shule, wakajenga hospitali. Hapa mkoani kwetu ipo Hospitali ya Heri. Jina la kanisa lenyewe lina maana ya kungojea marejeo, na wanaongojea walikuja milimani huku wakachimba msingi. Huyo mtumishi anayewauzisha watu mitumbwi amejenga nini?

Na kuhusu siri, niko na Katekista. Kuja ni kumoja na kila jicho litaona.

#9 Katekista

Sikutegemea kukubaliana na Msabato leo. Asante ndugu.

#10 Binti Kibirizi

Samahani, ninyi mnasoma Danieli, mimi nasoma maisha ya pale mwaloni.

Kaka mleta uzi, shemeji yako alikuwa na deni? Nauliza kwa sababu naijua biashara hii. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 kwa makubaliano ya nchi nne, sisi, Burundi, Kongo na Zambia, samaki wazaliane. Kusudi ni jema. Lakini miezi mitatu mtu mwenye mkopo wa taa na betri anakula nini? Wengi walifungua msimu wakiwa na deni juu ya deni. Giza likiingia unatoka na mafuta ya kukopa, unarudi alfajiri na ndoo mbili.

Mtu wa namna hiyo akisikia kwamba dunia inaisha mwaka huu, kwake ni habari ya kupumzika. Simsemi vibaya. Nimemwona baba yangu mdogo akikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa mchangani, asubuhi nzima, haongei.

#11 Mwana wa Gungu (mleta uzi)

@Binti Kibirizi umenishtua. Deni lilikuwepo. Dada aliniambia kwa kificho. Sijui ni kiasi gani. Alipouza mtumbwi alilipa sehemu, na sehemu aliitoa kama sadaka kwenye hiyo nyumba ya maombi.

#12 Fundi Injini

Sehemu ya sadaka ni kubwa kuliko ya deni?

#13 Mwana wa Gungu (mleta uzi)

Dada anasema ndiyo.

#14 Mama wa Katubuka

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Huwa nasoma tu, leo niruhusuni.

Mimi ni mzaliwa wa Uvira. Oktoba 1996 vita vilipofika tulitoka usiku. Tulivuka ziwa kwa mtumbwi wa mizigo, watu wamekaa magoti kwa magoti, mama yangu kafunga kitambaa mdomoni mwa mdogo wangu asilie. Tulifika huku, tukapelekwa Nyarugusu. Mdogo wangu mwingine alibaki, hatujui mpaka leo.

Sasa kaka wa #3 anasema kanisa litaondolewa kabla ya dhiki. Kwa heshima yote, baba, kanisa letu lilikuwa limejaa watu waliookoka, wanaokesha, wanaofunga. Hawakuondolewa. Yesu alisema "ulimwenguni mnayo dhiki, lakini jipeni moyo". Ninyi mnaambiwa mtaikwepa, mimi nimetoka ndani yake. Anayenifundisha kwamba Mungu hawezi kuwaacha watu wake wapite kwenye moto, nikimsikiliza itabidi niamini kwamba wale waliokufa hawakuwa wake.

Namngoja Yesu kila siku. Namngoja kwa sababu nataka anionyeshe mdogo wangu. Lakini nilipofika Kigoma nilianza na beseni moja la mihogo, sasa nina genge.

#15 Tulizo

Mama, nimeisoma mara mbili. Mungu akutunze.

#16 Mlokole wa Mwanga

Mama wa Katubuka, marahaba na pole. Sina la kukujibu juu ya mdogo wako, na sitajaribu. Niseme tu kwamba sisi tunatofautisha dhiki za kila siku na dhiki kuu ya Ufunuo, ile ya ghadhabu ya Mungu. 1 Wathesalonike 5:9 inasema Mungu hakutuweka kwa hasira yake. Lakini nakubali kwamba wahubiri wetu wengine wanalihubiri kama tiketi ya kukwepa maumivu, na hilo si sawa.

#17 Mwalimu wa Buhigwe

Wakuu, habari zenu. Nafundisha historia, nimesoma pia theolojia kidogo kwa njia ya posta, basi naomba niongeze mawili matatu.

Mafundisho ya hatua mbili kwa mfumo huu tunaoujua yalienezwa na John Nelson Darby, mhubiri wa Uingereza na Ireland, kuanzia miaka ya 1830. Yakabebwa na Biblia yenye maelezo ya Scofield, iliyotoka 1909. Kabla ya hapo wakristo walibishana sana juu ya miaka elfu, lakini unyakuo wa siri miaka saba kabla ya kuja kwa wazi huukuti ukifundishwa kanisani kama sasa.

Halafu tazameni neno "kumlaki" katika 1 Wathesalonike 4:17. Kwa Kigiriki ni neno lile lile la Mathayo 25:6, wanawali wanaotoka kumlaki bwana arusi, na la Matendo 28:15, ndugu wa Rumi waliotoka mpaka Soko la Apio kumlaki Paulo. Wote hao walitoka, wakakutana na mgeni, wakarudi naye. Wanawali hawakuondoka na bwana arusi kwenda mbali, waliingia naye arusini. Ndugu hawakusafiri na Paulo kwenda Yerusalemu, walirudi naye Rumi. Ni kama sisi tunavyokwenda stesheni treni ikiingia na mgeni wa heshima, tunampokea na ngoma, tunapanda naye mjini. Hakuna anayempokea mgeni stesheni halafu akapanda naye treni kurudi Dar.

Kwa hiyo Paulo anasema tunatoka kumpokea Bwana anayekuja hapa. Hapa Kigoma. Ardhi hii, ziwa hili. Mtu anayeelewa hivyo hauzi mtumbwi kana kwamba ziwa linatupwa.

#18 Mlokole wa Mwanga

Mwalimu, mfano wa stesheni ni mzuri, nitaukumbuka. Lakini fundisho kuchelewa kuonekana si ushahidi kwamba ni la uongo. Kuhesabiwa haki kwa imani kulifunikwa mpaka Luther 1517, sasa na lenyewe tulikatae? Na Mathayo 24:40 utaifanyaje: "watu wawili watakuwako kondeni, mmoja atwaliwa, mmoja aachwa"?

#19 Mwalimu wa Buhigwe

Rudi mstari mmoja nyuma, ndugu yangu. Mstari wa 39: "Gharika ikaja, ikawachukua wote." Waliochukuliwa siku za Nuhu ni akina nani? Ni waovu. Nuhu ndiye aliyeachwa. Nikisoma kwa mfuatano huo, mimi naomba niwe yule anayeachwa kondeni.

#20 Kidole Juu

Hii sijawahi kuisikia tangu nizaliwe. Naifungua Biblia sasa hivi.

#21 Mlokole wa Mwanga

Kuna maneno mawili tofauti kwa Kigiriki katika "ikawachukua" na "atwaliwa". La pili ndilo linalotumika Yohana 14:3, "nitakuja tena niwakaribishe kwangu". Mchungaji wetu alitufundisha. Kwa hiyo hoja yako haijanimaliza, mwalimu.

#22 Mwalimu wa Buhigwe

Kweli ni maneno mawili. Nakupa hiyo. Bado mfuatano wa habari unanivuta upande wangu, lakini sitasema umekosea.

#23 Mwangaluka

Mwangaluka wana jukwaa, niko Tabora, ni Mmoravia wa ukoo wa Sikonge.

Kwetu habari hii tunaifundishwa makaburini. Alfajiri ya Pasaka, giza bado, tunatoka kanisani tunakwenda makaburini tukiimba, tunasimama katikati ya watu wetu waliolala, jua linatukuta pale. Desturi hiyo ilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, wamisionari wakaja nayo. Nilikuwa mtoto wa miaka sita hivi, bibi alinishika mkono penye kaburi la babu, umande umeniloanisha miguu mpaka magotini, akaniambia "hapa ndipo tutakapoonana naye". Hakusema mbinguni, alisema hapa. Sikuwahi kuogopa kuja kwa Yesu tangu siku ile.

Na jioni ya siku hiyo hiyo bibi alikwenda kupalilia karanga.

#24 Mfuatiliaji wa Alama

Wote mnazunguka. Suala kubwa ni chapa ya mnyama, ile 666. Mwaka 2020 tulilazimishwa kusajili laini kwa alama za vidole, mwisho Januari 20, asiyesajili hanunui wala hauzi kwa simu. Ufunuo 13:17 inasemaje?

#25 Fundi Injini

Mkuu, umeandika hapa kwa laini ipi?

#26 Mwalimu wa Buhigwe

Tusimtupe mwenzetu, hofu hiyo ilikuwa kubwa kweli, hata kijijini kwetu kuna mama alikaa miezi bila simu. Lakini 666 ni "hesabu ya kibinadamu", ya mtu. Wasomaji wa kwanza walijua kuhesabu jina kwa herufi. Ukiandika Neroni Kaisari, mtawala wa Rumi wa enzi zile, kwa Kiebrania unapata 50, 200, 6, 50, 100, 60 na 200. Jumlisha.

#27 Kidole Juu

Nimejumlisha. 666. Nimepiga hesabu mara tatu.

#28 Msabato wa Kasulu

Mwalimu, mnyama wa Ufunuo 13 anatawala kabila na jamaa na lugha na taifa, Nero mmoja hatoshi. Unabii unaanza Rumi ya zamani lakini hauishii pale.

#29 Mwalimu wa Buhigwe

Sijasema unaishia pale, nimesema ulianza kueleweka pale. Hata nakala chache za kale zina 616 badala ya 666, na ukitoa ile herufi nuni ya mwisho ya "Neroni", yenye 50, unapata 616. Hiyo kwangu ina uzito. Vivyo hivyo "kizazi hiki hakitapita" ya Mathayo 24:34: Yerusalemu lilianguka mwaka 70, ndani ya miaka arobaini ya maneno yale. Waliohesabu kizazi kutoka 1948 walipata 1988, na vitabu viliandikwa, na 1988 ikapita.

#30 Mfuatiliaji wa Alama

Nitaendelea kufuatilia. Ila 1988 sikuijua.

#31 Mzee wa Bandari

Vijana, nimesoma yote. Mimi nilifanya kazi bandarini hapa, nina mfano wangu.

Wajerumani walipoizamisha meli ya Liemba mwaka 1916, enzi hizo ikiitwa Graf von Götzen, hawakuivunja. Walipaka injini grisi kwa wingi kabla ya kuizamisha, kwa kuwa walitumaini watarudi. Ikakaa chini ya maji, na ilipoibuliwa 1927 injini ikawaka. Huko ndiko kungoja. Unaandaa kitu kwa ajili ya siku ya kurudi, huuzi.

#32 Mjukuu wa Ujiji

Mzee shikamoo. Marekebisho kidogo: iliibuliwa 1924, ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba 1927. Na waliopaka grisi hawakurudi, mzee wangu. Aliyeiendesha ni Mwingereza.

#33 Mzee wa Bandari

Marahaba. Mwaka umenisahihisha sawa. Kuhusu la pili, grisi haikujali nani karudi, injini ilipona. Wewe una Liemba yako kwa sababu mtu alipaka grisi.

#34 Msabato wa Kasulu

Mzee ametoa mahubiri.

#35 Mwana wa Gungu (mleta uzi)

Wakuu, nimefika kwa dada leo nimetoka sasa hivi. Nilimkuta shemeji nje. Sikuanza na Biblia, nilianza na salamu na habari za watoto, kisha nikamwambia habari ya Lukuga. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema hajawahi kuambiwa. Halafu akanijibu kwa sauti ya chini, "Lakini shemeji, safari hii na mataifa nayo yanashangaa." Nikakosa la kusema.

Nilimsomea 1 Wathesalonike 4:11, "kufanya kazi kwa mikono yenu wenyewe", nikamwonyesha kwamba iko mistari michache tu kabla ya ile ya parapanda, ukurasa ule ule. Aliichukua Biblia mkononi mwangu akaisoma mwenyewe. Akaniuliza mbona mtumishi anaanzia mstari wa 13 kila siku.

#36 Katekista

Hilo swali lake ni zuri kuliko majibu yetu yote. Ukirudi mwongezee Luka 19:13, "Fanyeni biashara hata nitakapokuja."

#37 Mlokole wa Mwanga

Na 2 Wathesalonike 3:10. Wathesalonike wale wale walioambiwa habari za unyakuo ndio walioambiwa asiyetaka kufanya kazi asile. Naamini unyakuo, na leo nikiulizwa na shemeji wako nitamwambia arudi ziwani. Naomba namba ya simu ya nyumbani kwao kwa faragha, nikazungumze naye kama mlokole kwa mlokole, maana akisikia kwa Katekista atasema hamjaokoka.

#38 Binti Kibirizi

Mnasoma vizuri, lakini akirudi ziwani anarudi na nini? Mtumbwi wa watu, siku hizi mgawo wa kibarua hautoshi hata kumlipa anayemdai. Tusimrudishe kwenye neno bila kumrudisha kwenye wavu.

#39 Mwenye Mashaka

Mimi nina swali linalonisumbua tangu Shakahola, Kilifi, Kenya, mwaka 2023. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, watu walifunga mpaka kufa wakimngoja Yesu. Kanungu, Uganda, Machi 17, 2000, watu waliteketea kanisani. Wote walianza na kuuza vitu. Mleta uzi, hiyo nyumba ya maombi wameshaanza kuzungumzia kufunga? Kama ndiyo, acha mjadala wa Kigiriki, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa kesho asubuhi.

#40 Mwana wa Gungu (mleta uzi)

Kufunga kupo, mpaka jioni tu, watoto hawahusiki. Lakini umeniogopesha na nitaulizia vizuri. Asante.

#41 Mama wa Katubuka

Uliza kwa dada, usiulize kwa shemeji. Mwanamke anajua nani amekula.

#42 Msabato wa Kasulu

Naunga mkono #39 na #41. Na msiseme kila anayengoja ni wa Shakahola, maana watu wataogopa hata kusoma Ufunuo. Tofauti ni hii: Shakahola walikatazwa kuuliza.

#43 Mwangaluka

Au tofauti ni kwamba waliambiwa waondoke duniani, na sisi tunaambiwa tumpokee hapa, kama mwalimu alivyosema #17.

#44 Mlokole wa Mwanga

Sikubali, Mwangaluka. Mimi nafundishwa kuondoka na sijawahi kumnyima mtoto chakula. Tatizo ni mtu mmoja kujifanya ndiye sauti ya Mungu, hata angefundisha kubaki.

#45 Katekista

Tatizo ni kukosa Kanisa la kumsimamia.

#46 Kidole Juu

Basi sote tumerudi mwanzo 😀 Mwalimu, ile Matendo 1:11 "mbona mmesimama mkitazama mbinguni", malaika waliwakemea au waliwafariji?

#47 Mwalimu wa Buhigwe

Nimeitafuta leo asubuhi kabla ya kipindi. Nasoma kama yote mawili, na sijui ipi itangulie.

#48 Mwana wa Gungu (mleta uzi)

Taarifa. Dada anasema watoto wanakula, hakuna kufunga kwa watoto, na mtumishi hajasema lolote la msituni. Mnunuzi wa mtumbwi ni mtu mwelewa; amekubali kumpa shemeji nafasi ya kutoka naye giza hili kwa mgawo, na wavu hatauuza kwa mtu mwingine mpaka mwezi uishe. Shemeji hajakubali wala hajakataa. Jana jioni dada alimkuta ameitoa injini ndani, ameiweka juu ya gunia uani, anaitazama. Mlokole, nimekutumia namba. Asanteni wote.

#49 Fundi Injini

Injini ya farasi wangapi? Kama imekaa ndani mwezi mzima bila kuwashwa, asiivute kamba hivyo hivyo. Amwage mafuta ya zamani kwanza, atoe plagi aipanguse. Mimi niko Kibirizi kila siku mpaka saa kumi na moja jioni, aje nayo, ya kufungua sitamtoza.